Je, Asiyetazama Aweza Kusema Hakujua?

Katika miaka yote tuliyosimama mbele ya ubao, neno tulilolisikia kwa watoto kuliko maneno mengine yote lilikuwa hili: "Sikujua, mwalimu." Amechelewa, hakujua kengele imelia. Amekuja bila hesabu zake, hakujua zilikuwa za leo. Nasi katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu mwenye busara hafiki kwenye adhabu kabla ya kuuliza swali la pili, yaani: "Je, ungeweza kujua?" Maana kutojua kupo kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu ambaye njia ya kujua haikuwapo, na huyo hatuna neno naye. Na kuna kutojua kwa mtu ambaye mlango wa kujua ulikuwa wazi mbele yake, naye akaona ni heri asiingie. Huyu wa pili ndiye anayetusumbua, kwa sababu anaposema "sikujua" hasemi uongo.

Huenda wasomaji wakatushangaa kwamba swali hili tumeamua kulitazama katika jambo la matangi ya mafuta ya magari na ndege, na maji yaliyo chini ya ardhi. Lakini tumelichagua kwa makusudi. Ziko dhambi zinazoonekana barabarani na kila mtu akazinyoshea kidole. Mafuta yanayovuja chini ya tangi hayaonekani na mtu yeyote, hata na mwenye tangi, ila akitaka kuyaona.

Tuanze na mambo yenyewe yalivyo. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, uijaze changarawe na mchanga, umimine maji mpaka yafike nusu. Kisha dondosha juu yake mafuta ya taa kidogo kidogo, ukitazama kwa upande. Utaona kwamba sehemu ya mafuta haifiki chini kabisa. Inang'ang'ania mchanga kama masizi kwenye sufuria. Sehemu nyingine hushuka mpaka kwenye uso wa maji na kukaa pale, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, ikaanza kutandaa. Sehemu nyingine hupanda tena kuwa mvuke, ndiyo harufu unayoisikia. Na iko sehemu ya nne, iliyo ndogo kuliko zote, ambayo jicho haliioni: ile inayoyeyuka na kuingia ndani ya maji yenyewe. Hiyo ndiyo inayosafiri. Maji ya chini ya ardhi hayakai kama maji ya mtungini. Huenda, mahali pengine mita chache tu kwa mwaka, mahali pengine kwa haraka zaidi, nayo huenda na kila kilichoyeyuka ndani yake mpaka kwenye kisima cha mtu asiyejua hata kwamba kuna tangi kule juu.

Miongoni mwa vitu hivyo vinavyoyeyuka kuna kimoja kiitwacho benzini, kilichomo katika petroli, nacho imethibitishwa kwamba huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo ambacho benzini isizidi katika maji ya kunywa: ukiigawanya gramu moja katika sehemu milioni moja, basi sehemu 10 tu kwa kila lita. Hebu tufanye hesabu, maana mwalimu hastaafu hesabu. Tuseme petroli yetu ina benzini sehemu 1 katika 100. Lita moja ya petroli hiyo itakuwa na benzini gramu 7 hivi. Kama zote zingeyeyuka, gramu 7 zingetosha kuyafikisha maji lita 700,000 kwenye mpaka huo, yaani ndoo 35,000 za lita 20. Kweli, si zote zitakazoyeyuka. Nyingine zitapotea hewani na nyingine zitaliwa na vijidudu vya udongoni. Hata hivyo hesabu inatuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Ni lita moja tu hiyo. Wala tusidhani kwamba pua zetu zitatuonya kwa wakati, maana benzini katika maji huanza kusikika harufu ikiwa imeshapita mara nyingi kile kipimo cha usalama. Atakayengoja mpaka anuse, ameshakunywa.

Basi binadamu wamebuni njia ya kutazama mahali pasipotazamika. Huchimba visima vyembamba kuzunguka matangi, vipana kidogo tu kuliko bomba la kawaida, na kutia ndani bomba lenye nyufa ndogo ndogo pale usawa wa maji ulipo. Kimoja huchimbwa upande ambao maji yanatoka, vingine upande ambao maji yanakwenda. Kile cha kwanza hueleza maji yalivyokuwa kabla ya kupita chini ya matangi, na hivi vingine hueleza yalivyo baada ya kupita. Kila baada ya miezi kadhaa mtu huja, hufungua kifuniko, hupima kina cha maji, hutazama kama kuna mafuta yanayoelea, kisha huteka maji katika chupa safi, huzijaza pasibaki hewa, huzitia katika barafu na kuzipeleka maabara. Kisima cha namna hii hakimnyweshi mtu wala mbuzi. Kazi yake ni kumwambia mwenye mali kitu ambacho huenda hapendi kuambiwa, na kwa sababu hiyo kinatupendeza sana sisi tunaopenda kufikiri habari za dhamiri.

Sasa tuingie katika habari tuliyokusudia. Huko Hawaii, katika kisiwa cha Oahu, karibu na mji wa Honolulu, upo mgongo wa mlima uitwao Red Hill. Ndani yake Jeshi la Wanamaji la Marekani lilichimba matangi 20, kuanzia mwisho wa mwaka 1940 hata 1943, ili mafuta yake ya vita yasipigwe kwa mabomu kutoka angani. Kila tangi lina kimo cha mita 76 hivi na upana wa mita 30, na huingia mafuta galoni za Kimarekani milioni 12 na nusu, yaani lita zipatazo milioni 47. Kanisa la parokia yetu pamoja na mnara wake lingeweza kusimama ndani ya tangi moja, na nafasi ikabaki. Kwa ufundi lilikuwa jambo la kustaajabisha. Lakini chini ya matangi hayo, mita kama 30 tu kutoka vitako vyake, yapo maji matamu yanayokaa katika miamba ya volkano, na hayo ndiyo maji ya kunywa ya watu wa upande ule wa kisiwa. Kisiwa kimezungukwa na bahari; maji hayo yakiharibika, hakuna mto mkubwa wa kukimbilia.

Mwezi Januari 2014 ilijulikana kwamba tangi namba 5, ambalo lilikuwa limetoka kutengenezwa na kujazwa tena, limevuja galoni zipatazo 27,000, yaani lita 100,000 na zaidi. Watu wa maji wa Honolulu walipiga kelele. Mwaka 2015 yakafanywa mapatano kati ya jeshi na wakuu wa serikali wanaosimamia mazingira na afya, kwamba matangi yatengenezwe vizuri na maji ya chini yachunguzwe zaidi. Matangi yakaendelea kutumika.

Tarehe 6 Mei 2021 wafanyakazi walipokuwa wakihamisha mafuta, valvu zilifunguliwa visivyo, bomba likapasuka kwa nguvu ya msukumo. Ilitangazwa kwamba mafuta yaliyomwagika ni galoni 1,618, na kwamba yote yamezolewa isipokuwa galoni 38. Tunaomba msomaji aikumbuke namba hiyo ya 38, maana ina sura ya namba ya kweli. Anayesema "kama arobaini" anakisia. Anayesema "38" amepima. Kumbe mafuta yaliyotoka siku ile yalifika galoni 20,000 hivi, na sehemu kubwa ilivutwa na pampu ikaingia katika bomba jingine, la kupokea maji machafu ya kuzimia moto, lililoning'inia katika dari ya handaki. Mafuta yale yakakaa humo kimya kwa miezi zaidi ya sita. Hatuzungumzii ndoo iliyopotea ghalani. Mafuta ya kujaza magari makubwa mawili ya kubebea petroli hayakuwamo katika tangi, hayakuwamo katika hesabu, na bomba lenyewe lilikuwa limelemewa na uzito wake. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotolewa baadaye, haukuficha kwamba upungufu huo ungeweza kugunduliwa.

Tarehe 20 Novemba 2021 kigari cha reli kinachopita katika handaki kiligonga valvu ya bomba hilo, na mafuta yakatoka kwa nguvu, si mbali na kisima kikubwa kilichowapa maji watu wapatao 93,000 wa kambi za jeshi na nyumba za familia zao. Matangazo ya kwanza yalisema hakuna dalili ya mafuta kutoka nje ya mahali pale, na maji ni salama. Juma moja halijapita sana, akina mama wakaanza kusema kwamba maji ya bomba yananuka mafuta. Watoto walitapika, wengine wakatokwa na vipele, watu wakaumwa vichwa. Kisima kilifungwa tarehe 28, na mwanzo wa Desemba ikakubaliwa wazi kwamba mafuta yamo ndani yake. Maelfu ya watu walihamishwa kutoka nyumba zao. Bodi ya Maji ya Honolulu nayo ilifunga kisima chake kikubwa cha Halawa, kilicho jirani, isije ikayavuta mafuta yale kuelekea kwa watu wa mji.

Hapa ndipo swali letu linapokaa. Katika watu wote waliohusika, huenda hakuna hata mmoja aliyekusudia kumnywesha mtoto mafuta ya ndege. Wengi wao walikuwa na watoto wao katika nyumba zile zile. Je, tuseme ni ajali tu, na hakuna mwenye hatia?

Wale wanaosoma Kutoka, sura ya 21, wataikumbuka sheria ya ng'ombe apigaye kwa pembe. Ng'ombe akimwua mtu, ng'ombe huuawa, lakini mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimzuie, basi mwenyewe naye huhukumiwa. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichobadili hukumu ni lile onyo. Kwa kipimo hiki twaweza kusema bila kusita kwamba uvujaji wa 2014 ulikuwa onyo la ng'ombe, na kwamba kuanzia siku ile neno "ajali" lilipungua nguvu.

Lakini sheria ile, kwa jinsi tunavyoifahamu, inaacha shimo moja. Itakuwaje kwa mwenye ng'ombe anayekaa mbali na zizi lake ili asije akaonywa? Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kiyunani, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha maadili. Alisema kwamba watunga sheria huwaadhibu hata wasiojua, iwapo kutojua kwao kumetokana na uzembe wao wenyewe, na akatoa mfano wa mlevi, ambaye adhabu yake katika miji mingine iliongezwa maradufu, kwa kuwa ilikuwa katika uwezo wake kutolewa. Sisi tungeongeza neno moja. Mlevi hutafuta ulevi, na kutojua humjia baadaye kama matokeo. Mwenye tangi asiyechimba visima vya kupimia, au anayevichimba vichache na kuviweka mahali ambapo maji hayapiti, au anayepokea karatasi za maabara na kuzitia katika faili bila kuzisoma, yeye hutafuta kutojua kwenyewe. Amekununua, tena kwa bei nafuu. Kwa maoni yetu hatia yake ni nzito kuliko ya mlevi.

Tunajua jibu litakalotolewa, nalo si jibu la kipumbavu. Mtu atasema: hakuna awezaye kutazama kila mahali. Fedha ni kidogo. Ukichimba visima 50, mwingine atakuuliza kwa nini hukuchimba 51. Ni kweli, na kwa hiyo hatusemi kwamba kila asiyejua amehukumiwa. Twasema wajibu wa kutazama hukua kadiri ya mambo mawili: uzito wa madhara, na ugumu wa kuyarekebisha. Anayehifadhi magunia ya mahindi aweza kukagua ghala mara moja kwa mwezi, maana panya akila, tutapima hasara na kununua mengine. Anayehifadhi mamilioni ya lita za mafuta juu ya maji ya watu hana haki ya kusema "sijaona dalili" kana kwamba amesema "nimetazama, na hakuna". Sentensi hizi mbili hufanana masikioni, na katika matangazo ya wakubwa hutumiwa moja mahali pa nyingine kila siku. Tunawasihi vijana wetu wanaosoma wajizoeze kuzitenganisha.

Na ugumu wa kurekebisha si maneno ya kutisha watu. Maji yakimwagika hayazoleki, wamesema wazee. Mafuta yakimwagika ndani ya mwamba huzoleka kidogo tu. Yale yanayoelea juu ya maji yaweza kuvutwa kwa pampu, lakini yaliyoshika kwenye mchanga na nyufa hayaji. Mvuke waweza kufyonzwa, hewa yaweza kupulizwa chini ili vijidudu vile vidumu na kazi yao. Maji yaweza kupandishwa, yakapitishwa katika machujio ya makaa, kisha yakamwagwa. Huko Red Hill walifanya hivyo tangu mapema 2022, hadi galoni milioni 5 kwa siku, maji yakaishia kijitoni. Na wenyeji wa kisiwa wakaumia mara ya pili kuona maji mengi vile yakienda baharini huku wao wakiombwa wapunguze matumizi kwa sehemu ya kumi.

Mahali pengi wataalamu husema: tumeondoa tuliyoweza, yaliyobaki tuyaachie vijidudu vya ardhini, vitayala polepole. Hapa baadhi ya watu wema hukasirika, wakaona ni uvivu uliovikwa joho la sayansi. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Vijidudu hivyo vipo kweli, na kweli hula mafuta, na mara nyingine kuchokoa ardhi huharibu zaidi. Lakini kuna masharti: pawepo kisima cha kupimia kati ya uchafu na wanywaji, na mtu wa kukipima mwaka hata mwaka, na ahadi ya kufanya jambo jingine namba zikipanda. Mganga anayekaa kando ya kitanda akishika mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo, na mlinzi aliyelala mlangoni, wote wawili kwa mbali waonekana hawafanyi kitu.

Mwisho wa Red Hill wenyewe ulikuja kwa amri. Machi 2022 Waziri wa Ulinzi wa Marekani alitangaza kwamba bohari lile litafungwa, na kuanzia Oktoba 2023 yakaondolewa mafuta galoni zaidi ya milioni 100. Serikali ilikubali mahakamani kwamba ilizembea, na Mei 2025 jaji aliamuru walalamikaji 17 wa kwanza walipwe kwa jumla dola zaidi ya 680,000. Sampuli za maji zinaendelea kutekwa, kutoka visima vingi kuliko vilivyokuwapo kabla.

Asije mtu akasema haya ni ya Wamarekani na vita vyao. Jirani zetu wa Thange, katika Makueni nchini Kenya, waliona mwaka 2015 mafuta kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi yakiingia katika mto wao na visima vyao, na waliong'amua kwanza walikuwa wenye mashamba, kwa macho na pua zao. Na karibu kila mji wetu una vituo vya petroli vyenye matangi yaliyozikwa, na mitaa ya jirani ina visima.

Katika kituo kinachoendeshwa vizuri, kila asubuhi mtu hutumbukiza kijiti chenye alama ndani ya tangi, huandika kina cha mafuta daftarini, na kulinganisha na yaliyouzwa jana. Kikipungua lita chache leo, huenda ni joto au mkono uliotikisika. Zikipungua lita zile zile kila siku kwa mwezi mzima, daftari linasema kitu. Hicho ndicho kisima cha kupimia cha maskini, na gharama yake ni kijiti na kalamu.

Lakini tumeelezwa na zaidi ya kijana mmoja aliyefanya kazi hiyo kwamba mafuta yakipungua, jambo la kwanza ni kumkata yeye mshahara, kwa kudhaniwa ameiba. Basi hujifunza upesi kuandika namba inayopendwa. Tajiri husoma daftari safi, hulala usingizi, na siku moja atasema kwa moyo mweupe kwamba hakujua. Galoni 38 za Red Hill na lita hizo zilizofichwa katika daftari la kituo cha njia panda ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo, wazazi wenye vituo, na wengine mnaokaa katika kamati za maji, jambo tunalowaomba lina sehemu mbili. Someni daftari lile kila mwezi mkiwa wawili, mmoja wenu asiwe mwenye mali. Na kijana atakayewaletea upungufu, mkague tangi na mabomba kwanza, kabla hamjaigusa mifuko yake.